Kisu cha Ngumi na Ukwaju wa Bibi

Shaba ikikaa kiganjani muda wa kutosha huacha harufu ambayo sabuni haiitoi upesi. Ni harufu ya sarafu za zamani, ya kitasa cha mlango kilichoshikwa na watu wengi, na ndani yake mna uchachu wa mbali unaokaribia ladha. Hata leo, nikishika ufunguo mkuukuu au kengele ya duka la mtu, narudi moja kwa moja jikoni kwetu Edmonton, kaskazini ya London, katika majira ya baridi ya mwaka niliotimiza miaka kumi. Nyumba yetu ilikuwa moja katika safu ndefu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zote za tofali za rangi moja, hata mgeni akishuka kwenye treni jioni alilazimika kusoma namba za milango kama anayetafuta chumba hospitalini. Ndani mlikuwa na harufu za kila mmoja wetu: iliki na karafuu za mama yangu, udi wa Ijumaa, nguo mbichi zilizotandazwa juu ya radieta kwa kuwa nje hazikauki. Harufu ya baba yangu ilikuwa hiyo ya shaba, pamoja na mafuta mepesi ya kupakia chuma na magazeti ya zamani. Baba alikuwa akikusanya visu.

Nisieleweke vibaya. Hakuwa mtu wa fujo. Alikuwa karani katika ofisi ya halmashauri iliyoshughulikia nyumba za kupanga, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni, ambaye ukimkanyaga kwenye basi yeye ndiye anayekuomba radhi. Na visu vyake vilikuwa vya aina moja tu: visu vya ngumi vya jeshi la Mwingereza, vya vita vikuu viwili vya dunia. Kisu cha ngumi kina mpini wa chuma au shaba wenye matundu manne; unapitisha vidole vyako humo kama unavaa pete nne zilizoungana, na ukikunja mkono unakuwa umeshika bapa na ngumi ya chuma kwa wakati mmoja. Vilitengenezwa kwa ajili ya watu waliopigana karibu mno, ndani ya mahandaki na vichochoro, mahali ambapo bunduki ni ndefu kuliko nafasi iliyopo. Mama, aliyekuwa akifanya kazi ya kutunza wazee na hakuwa na subira na kitu kisicholika wala kuvalika, aliviita wake wenzake. "Kawaulize wake wenzangu kama wamekupikia," alikuwa akimwambia Baba anapochelewa kushuka kula, na Baba alishuka akicheka, huku akifuta mikono kwa kitambaa chake chenye mafuta.

Jumamosi asubuhi tulikwenda sokoni, mimi na yeye. Lilikuwa soko la vitu vya kale chini ya paa la bati, lenye baridi kuliko nje, na kila meza ilikuwa na mwenyewe aliyejifunika skafu mpaka puani. Mtu wetu alikuwa mama mmoja wa Kiingereza aitwaye Maureen, mnene, mwenye kofia ya sufu ya rangi ya machungwa, aliyerithi biashara ya vitu vya jeshi kwa marehemu mumewe na kuijua kuliko marehemu mwenyewe. Baba alimwita Bi Maureen kwa adabu zetu. Naye alimwita Baba "Seif, mpenzi," kama wauzaji wa London wanavyomwita kila mtu, na siku Mama alipolisikia hilo alicheka mpaka akakaa chini. Sheria hata wakati ule haikutaka visu vya ngumi viuzwe, ingawa kukaa navyo nyumbani hakukuwa na kosa, kwa hiyo Bi Maureen hakuvitandaza mezani pamoja na vifungo na medali. Vilikaa chini, ndani ya boksi la viatu, kwa ajili ya watu aliowajua sura.

Baba alinifundisha kuvisoma. Vingi vya vita vya kwanza vina mpini wa aluminiamu, mwepesi, na vilitoka viwandani Uingereza kwa askari waliojinunulia wenyewe kabla ya kupanda meli. Vile alivyokuwa akivitafuta yeye vilikuwa vya vita vya pili, vya shaba nzito ya manjano, vilivyomiminwa katika karakana za Misri kwa ajili ya vikosi vya jangwani, na bapa lake mara nyingi lilikatwa kwenye singe kuukuu, kile kisu cha mbele ya bunduki. Vya bandia vilikuwa vingi kuliko vya kweli. Alinifumba macho kwa kiganja chake na kuniwekea kimoja mkononi ili niupime uzito kwanza, kisha nipitishe kidole ndani ya matundu, kwa sababu kisu kilichoshikwa na mtu kwa miaka huwa laini humo ndani, na cha bandia hukwaruza. Halafu akanifunua macho nitazame rangi. Shaba ya kweli ikizeeka hujifunika utando wa hudhurungi, mweusi kwenye pembe, wenye ukijani pale jasho lilipopenya. Waghushi huuiga utando huo kwa tindikali na rangi ya viatu, lakini wao huupaka kila mahali sawasawa, na mkono wa mtu haushiki kila mahali sawasawa. Baba aliuita umri. "Usikisugue kabisa," alinionya. "Utakifuta umri wake, na ukishafutika haurudi." Alikuwa na kanuni nyingine pia: ukiona kitu unakitaka sana, kiweke chini, nenda kanywe chai, kisha urudi ukitazame upya, kwa sababu macho ya mtu mwenye hamu hayafai kitu.

Hamu yake yeye niliijua mapema, maana alinisimulia kwenye basi kama wazazi wengine wanavyosimulia hadithi za sungura. Babu yangu, ambaye sikumwona na ambaye hakuacha hata picha moja, aliendesha lori la jeshi la Mwingereza huko Misri. Alirudi Unguja na matusi ya Kiarabu, kikohozi, na kisu cha ngumi cha shaba alichopewa na sajini mmoja. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kiliwahi kubanwa na mlango wa lori kikapona na fundo, na ili kidole hicho kipite, Babu alilipanua tundu la mwisho kwa tupa, upande mmoja tu. Alimzoesha Baba, akiwa bado mtoto mdogo, kuutia mkono wake humo, vidole vikielea ndani ya matundu bila kugusa kitu, wakacheka wote wawili. Kisha Babu akafariki, na kisu kikabaki kabatini kati ya masinia na mabuli ya shaba. Zikaja siku za mapinduzi na misako ya silaha nyumba kwa nyumba, na siku moja Baba akafungua kabati asikione. Alilia sana. Bibi, mama yake, akamwambia kwamba amepita Mzungu mmoja wa serikali aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, akakichukua kwa kuwa kilikuwa mali ya jeshi lao. "Kimekwenda Uingereza," akamwambia, "kwa wenyewe."

Mtoto wa miaka saba akiambiwa jambo kama hilo hulimeza zima. Baba alilimeza na hakulitema. Ilipombidi kuondoka Unguja akiwa kijana, na ndugu zake wakaelekea Maskati na Dubai walikokuwa na watu, yeye alisema London, ambako hakuwa na mtu. Sijapata kumuuliza kama kisu kilikuwamo katika uamuzi huo, na nadhani jibu nalijua. Nilichomuuliza, siku moja kwenye basi, ni kwa nini kisu, na si koti au saa. Akaulaza mkono wake wa kulia juu ya paja, akautazama kwa muda. "Sura yake nishaisahau," akasema. "Lakini nikitia mkono wangu mle, n'tajua kama mikono yetu ni mamoja." Mimi nilijifanya nahesabu vituo.

Mwaka huo Bibi alikuja kukaa nasi, kwa sababu shangazi aliyekuwa akimwangalia Unguja aliolewa mbali. Alikuwa mdogo wa mwili na mkubwa wa amri. Alivaa sweta mbili chini ya kanga, akaitangaza London kuwa friji la mtu mwingine, na katika sanduku lake, badala ya nguo, alileta sinia la shaba na dele la kahawa. Kwake yeye shaba isiyong'aa ilikuwa aibu ya mwanamke wa nyumba, sawa na mtoto asiyenawa uso. Kila Idi shaba zilisuguliwa kwa ukwaju na jivu, na kwa kuwa London hatupikii kuni, alianza tangu siku za mwanzo kukusanya jivu la chetezo, yale makaa yaliyofukizia udi, akalitia kwenye kopo la biskuti. Ramadhani ilikuwa imeangukia kwenye siku fupi kuliko zote. Saa kumi alasiri jua lilikuwa limezama na tunda la tende liko mdomoni, na jamaa wa Unguja walipopiga simu walitwambia huo si mfungo, ni kuchelewa chakula cha mchana.

Katika Ramadhani hiyo, Jumamosi moja, Bi Maureen aliinama chini ya meza akatoa kitu kilichofungwa kwenye soksi. Akampa Baba. Kilikuwa kizito na cheusi, kimekaa kwenye banda la mtu, alisema, tangu mwenyewe aliporudi vitani. Baba alikipima uzito, akatazama pale bapa linapoingia kwenye mpini, akapitisha kidole cha shahada kwenye tundu la kwanza, la pili, la tatu. Alipofika kwenye tundu la mwisho niliuona uso wake ukibadilika. Lilikuwa limepanuliwa kwa tupa, upande mmoja tu. Bi Maureen naye aliuona uso ule, na nadhani alijuta papo hapo. "Seif, mpenzi," akamwambia taratibu, "askari wengi waliyapanua matundu. Vidole vya watu havilingani." Baba alikuwa amenifundisha la kufanya mtu anapofika hapo: kiweke chini, nenda kanywe chai. Lakini tulikuwa tumefunga, hapakuwa na chai ya kwenda kunywa. Alisimama palepale amekishika, na kabla hatujaondoka alikuwa amekibadilisha na visu vyake viwili vizuri kuliko vyote, ambavyo aliahidi kuvileta wiki inayofuata, na akavileta.

Kilichonishangaza ni kwamba hakuutia mkono wake. Vidole vyake vilipita juu ya matundu, vikayagusa kingo, lakini hakukivaa. Nilimuuliza kwenye basi mbona hukijaribu, akasema anangoja neno la mama yake. Jioni hiyo, tulipokwisha kufuturu, alimwekea Bibi kile kisu mapajani. Bibi alikigeuza mara kadhaa, akakisogeza kwenye taa, akakirudisha mapajani akakifunika kwa mikono yake. "Kichafu hivi," alisema hatimaye. "Miye kisu cha marehemu sikupata kukiona kichafu. N'takijuaje?" Baba alimwambia hakuna haraka, akae nacho, siku ya Idi atamwambia. Kuanzia hapo Baba akawa mtu mwingine. Aliimba ngazini. Alimsalimia jirani wa kushoto, ambaye walikuwa hawasemezani kwa sababu ya ugomvi wa ua wa mpakani. Mama alimtazama tu, na siku moja tukiosha vyombo aliniambia, bila kunitazama, "Na bibi yako akisema sicho, hatujui tutamfanya nini baba yako." Nilitamani asingelisema, kwa sababu tangu wakati ule na mimi nikaanza kuogopa.

Siku ya kuamkia Idi, Mama alikuwa kwenye shifti na Baba ofisini, tukabaki mimi na Bibi na shaba. Aliuroweka ukwaju kwenye bakuli, akaukamua mpaka maji yakawa mazito, akachovya kitambaa kwenye maji na kisha kwenye kopo la jivu. Tulisugua sinia, tukasugua dele, na jiko likajaa harufu ile ninayoisema, ya uchachu na sarafu. Nilidhani tumemaliza. Bibi akapanda juu, akashuka na kisu. Nikamwambia, "Bibi, hicho Baba amekataza. Utakifuta umri." "Umri?" alisema. "Kitu kukaa na uchafu ndio umri? Huo uvivu, mjukuu wangu." Akaanza. Maji ya kahawia yakatiririka kwenye sinki, rangi ya chai iliyochemka sana, na chini yake manjano yakajitokeza. Alikipindapinda kitambaa kikawa kama kamba, akakipitisha kwenye tundu moja moja na kukivuta huku na huku, upesi, bila kutazama, kwa namna ya mtu aliyeifanya kazi hiyo kila Idi kwa miaka mingi. Kwenye tundu la mwisho alipunguza mwendo. Akakisuuza, akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, na machozi yakamtoka.

Nilidhani ni furaha. Nikauliza, "Ndicho, Bibi?" Alikifuta maji kwa pembe ya kanga, akakilaza juu ya meza karibu na sinia, akasema tu kwamba kizuri, kilikuwa kizuri namna hiyohiyo. Kisha akageuka kukata vitunguu vya futari. Tulibaki hivyo mpaka tuliposikia ufunguo wa Baba mlangoni.

Baba hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikiona kabla hajavua koti, akakaa kitini nalo. Kisu kiling'aa juu ya meza yetu ya plastiki kama kilichotoka dukani asubuhi ile. "Mama," akasema, "umekifuta. Mlikuwa na jasho lake mle. Sasa n'tajuaje?" Bibi aliendelea kukata, amempa mgongo, halafu akakiweka kisu cha vitunguu chini.

"Sefu, mwanangu, hicho sicho."

"Umekijuaje, Mama, na umeshakisugua chote?"

"Hakuja Mzungu," alisema Bibi. "Cha baba yako nilikitia chooni, kwa mkono wangu huu, siku walipoisaka nyumba ya pili kutoka yetu. Nyumba iliyokutwa na silaha, watu wake walitolewa hawakurudi. Ulikuwa ukilia, nikakwambia kimekwenda Uingereza. Nilifikiri utasahau."

Baba akamuuliza kwa nini hakumwambia alipokuwa mtu mzima, na Bibi akamjibu kwamba Baba alikuwa ameshafika huku, na kila akipiga simu alimwambia anakitafuta, na sauti yake ilikuwa ya furaha. "Niliona kinakupa pa kwenda Jumamosi," alisema. Kisha akageuka, mikono yake imelowa ukwaju mpaka kwenye vifundo. "Na leo nilikusudia kukwambia ndicho. Wallahi nilishakusudia. Nikasema nikisugue kwanza, nikuoneshe kilivyokuwa siku za Idi. Kilipong'aa, basi ikawa kama marehemu anantazama. Sikuweza kukudanganya mara ya pili."

Nimewahi kuona watu wakiambiwa habari za msiba, na hakuna aliyeonekana kama Baba alivyoonekana pale. Alikuwa amepoteza kitu ambacho hakuwahi kukipata, na Jumamosi zake zote kwa mkupuo mmoja. Nilimchukia Bibi kwa dakika hiyo. Baba alikivuta kisu, na kwa mara ya kwanza akakivaa. Vidole vitatu viliingia vizuri. Kidole kidogo kikacheza ndani ya tundu la mwisho, maana lilipanuliwa kwa ajili ya kidole cha mtu mwingine kabisa, askari fulani aliyekufa na mambo yake. Alikivua, akakisukuma kando, na akauliza swali ambalo katika miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza mama yake, kwa sababu alidhani kisu ndicho kitakachomjibu. "Mikono yake ilikuwaje?"

Bibi alikaa. Akauchukua mkono wa Baba wa kulia, akaugeuza juu na chini, akaubonyeza kwenye mzizi wa kidole gumba, akaupima upana kwa kiganja chake chenye ukwaju, sawasawa na Baba anavyokikagua kitu mezani kwa Bi Maureen. Hakuwa na haraka. "Vidole vyangu hivi," alisema. "Vyembamba, vya kwetu. Lakini kiganja ndicho chake. Kipana hivihivi, na mstari huu umekatika hapahapa." Baba aliutazama mkono wake kama ameletewa. Alilia basi, waziwazi, mbele yangu, na Bibi hakuuachia mkono. Adhana ya kwenye redio ilipoanza, hakuna aliyeinuka kuchukua tende, ikabidi niende mimi.

Bi Maureen alipokiona kisu baada ya Idi alifumba macho. Hakuna mkusanyaji ambaye angekitaka tena, alisema, kwa kuwa kisu kisicho na umri hakiwezi kuthibitishwa kuwa cha kweli. Baba akamwambia hakipo sokoni. Kiliwekwa kabatini, kati ya sinia na dele, na kila Idi Bibi alikisugua pamoja navyo, bila mtu kusema kwa nini. Baba aliendelea kwenda sokoni, ingawa si kila Jumamosi, na alianza kununua vijiko. Bibi alipotutoka, kazi ya kusugua ilinijia mimi, na sikuwahi kuona kama mzigo. Kisu ambacho hakikuwa cha Babu kilishakaa nasi miaka mingi kuliko cha Babu kilivyokaa na mtu yeyote.

Leo mimi ni mama wa mtoto, na katika nyumba ile ya Edmonton tunaishi pamoja, wazazi wangu chini na sisi juu. Miaka michache iliyopita sheria ilibadilika. Visu vya ngumi havikuruhusiwa tena hata ndani ya nyumba ya mtu, isipokuwa vilivyopita miaka mia. Baba alivitandaza vyake kitandani akavipanga kwa umri, kazi aliyoijua kuliko yeyote. Vya aluminiamu, vya vita vya kwanza, vilikuwa vimeivuka miaka hiyo. Kile cha shaba hakikuwa kimeifikia. Siilaumu sheria hiyo. Mtaani kwetu nimepita mara nyingi mno kwenye maua yaliyofungwa kwenye nguzo za taa, kwa ajili ya watoto waliouawa kwa visu, waliosoma shule niliyosoma mimi, na kwenye yale masanduku makubwa ya chuma ambamo watu huombwa watumbukize visu vyao waende zao. Katika utoto wangu kisu kilikuwa kitu cha kusoma. Binti yangu anajifunza shuleni namna ya kukikimbia, na hapo sina la kubishana.

Siku ya kuamkia kukipeleka, Baba alikisugua mwenyewe kwa ukwaju na jivu la chetezo. Nikamwambia kinakwenda kuyeyushwa. Akasema hakitoki nyumbani kwake kichafu. Kituoni, askari wa kike aliyekuwa nyuma ya kioo alikifunua, kikamng'aria usoni, akaniuliza nilikiagiza kwenye mtandao gani. Nilimwambia ni cha zamani kuliko baba yangu. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayedanganya bila sababu, akaandika alichoandika, nami nikaondoka mikono ikinuka.

Idi ilipokaribia, binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, alifungua kabati atoe shaba, kwa kuwa kazi ya kupeleka vitu mezani ni yake. Akatoa sinia, akatoa dele, akapapasa nyuma. Akaniuliza kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia lakini hakijibu, kisu cha babu yake kimekwenda wapi. Baba alikuwa kwenye kiti cha jikoni akitoa kokwa za ukwaju, na niliona vidole vyake vimesimama. Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwangu, jepesi, na safari hii lingekuwa hata la kweli: kimekwenda kwa Waingereza, kwa wenyewe. Nilimtazama baba yangu na mikono yake.

"Nimekipeleka polisi," nikamwambia. "Wamekiyeyusha. Hakipo tena mahali popote, kwa hiyo usikitafute."

Alilia, na sisi tukamwacha alie, hatukumpa kitu cha kumnyamazisha. Alipochoka, Baba akafuta mikono yake, akamwita, akaukunjua mkono wake mdogo juu ya kiganja chake, akaanza kuutazama, bila haraka.

"Vidole sivijui," alisema Baba. "Hivyo vya baba yako."

Kisha akaubonyeza kwenye mzizi wa kidole gumba.